Siku Nilipoosha Vyombo vya Eeddo Dahabo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyokunja mikono ya shati nikavisugua vyombo vya maziwa vya shangazi yangu, nikajiona mwanamume wa maana kuliko wote hapa Garissa. Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia mkataba wako umeisha, kwamba unalala hadi adhuhuri, na ukiamka unapekua simu mpaka inazima. Ukiulizwa una nini, unajibu, "Nimeboeka tu." Sikucheki. Mimi nilikuwa hivyohivyo, na wala sikuwa na simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa miaka miwili nilikuwa mkalimani katika kambi za wakimbizi kule Dadaab. Wahudumu wa afya walizungumza Kiswahili, wakimbizi wakazungumza Kisomali, nami nikasimama katikati na kitambulisho cha kazi kifuani. Kisha mradi ukaisha. Tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa mwingine ukianza. Lini? Hakuna aliyejua. Nikaja mjini kukaa kwa Eeddo Dahabo, dada wa baba yangu, mjane aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni.

Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nikaanza safari za ubao wa matangazo. Kila asubuhi nilipiga pasi shati, nikapaka viatu rangi, nikatia mfukoni kile kitambulisho kilichokwisha muda, nikaenda kusoma matangazo yaleyale ya jana. Kutoka hapo nilikwenda mkahawani kwa wenzangu waliokuwa wakingoja kama mimi.

"Umeitwa?"

"Bado. Wewe?"

"Bado."

Mazungumzo yetu yalikuwa hayo. Alasiri gari la miraa likifika, baadhi yao walipata angalau kazi ya kutafuna. Jua la kwetu unalijua, halina haraka ya kutua. Njaa sikuwa nayo, maana Eeddo alinilisha vizuri. Kilichoniuma ni kwamba kila mtu nyumbani alikuwa na la kufanya isipokuwa mimi, na niliona aibu hata kuombwa nisogeze miguu ili pafagiliwe.

Na Eeddo, wallahi, alikuwa mtu wa kazi. Nimefanya kazi na wakubwa wa ofisi wengi tangu wakati ule, sijaona aliyemfikia. Maziwa yake yalitoka kwa Ubah, mke wa mfugaji mmoja huko porini upande wa Balambala. Ubah alikama alfajiri, akajaza vyombo bila kuvikagua kwa jinsi alivyomwamini Eeddo, lori likavileta mjini. Jioni lori lilirudi na vyombo vitupu alivyoviandaa Eeddo, na kesho yake mambo yakawa vilevile. Vyombo vyenyewe vilikuwa vile vya zamani tunavyoviita dhiil, vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi havivuji hata tone.

Sokoni kulikuwa na desturi. Mnunuzi alimiminiwa maziwa kidogo kwenye kifuniko, akaonja, ndipo akanunua. Maziwa ya wauzaji wote yalionjwa, isipokuwa ya Eeddo. Kwake watu walinyoosha chombo tu, wakapokea, wakaenda zao. Alikuwapo Mwalimu Mutua, mtu wa Kitui aliyefundisha shule moja ya hapa, ambaye alikunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa mara ya kwanza kwa maziwa ya Eeddo, na tangu hapo hakutaka mengine. Heshima ile Eeddo hakupewa na mtu. Aliijenga kwa miaka.

Sasa sikiliza nilivyoichezea kwa asubuhi moja.

Siku hiyo Eeddo alimaliza kuuza mapema, akaenda kumwona mgonjwa. Vyombo alikuwa ameshaviandaa, amevipanga ukutani. Mimi nilikuwa nimeketi hapo nikivitazama kwa kukosa cha kutazama. Nikafungua kimoja, nikachungulia ndani. Kilikuwa cheusi tititi! Nikafungua cha pili, masizi matupu. Mwanangu, nilikuwa nimekunywa maziwa ya vyombo kama vile tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza vinaandaliwaje. Ilikuwa kazi ya wanawake, nami nilikuwa mwanamume aliyesoma shule ya bweni. Nilichokijua ni somo la usafi nililolitafsiri kambini mara mia: osha mtungi kwa sabuni, suuza kwa dawa ya maji. Somo lile ni zuri sana, na limeokoa watu. Ila lilikuwa la mitungi ya plastiki ya maji. Hilo sikulifikiria.

Nikaleta sabuni ya unga, brashi na ile dawa. Nikasugua hadi mgongo ukauma. Maji meusi yalitiririka hadi barabarani, nami nikafurahi kuliko nilivyofurahi kwa miezi. Lori lilipokuja nilivipakia mwenyewe. Eeddo aliporudi nikamwambia vyombo vimeshaondoka. Akaniombea dua. Sikumwambia zaidi, nilitaka aone mwenyewe.

Kesho yake nikafuatana naye sokoni ili nisifiwe mbele ya watu. Akafungua chombo cha kwanza, akanusa, akakifunga. Akafungua cha pili. Akamimina kidogo kifunikoni, akaonja, akatema. Harufu ya sabuni niliisikia hadi pale nilipokuwa nimesimama. Zile nyuzi zilikuwa zimeinywa.

Muuzaji wa jirani akanusa naye, akasema kwa sauti, "Huyo Ubah amekuchoka. Tafuta mtu mwingine wa kukuletea."

Na mwingine akaitikia, "Watu wa porini wamebadilika siku hizi."

Mimi, mkalimani, mtu aliyeishi kwa ulimi wake, sikupata neno. Eeddo hakunitazama. Alisimama, akaongea na wateja wake kwa Kisomali, kisha akamgeukia Mwalimu Mutua kwa Kiswahili chake, ambacho hakukiogopa hata kidogo.

"Bole, Mwalimu. Maziwa ya leo imeharibika. Hii si makosa ya Ubah. Makosa iko kwa nyumba yangu. Kesho wewe kuja, na wewe kuonja kwanza."

Akayamwaga yote nyuma ya soko, chombo baada ya chombo. Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani nikamwambia. Alikuwa ameshajua, maana mfuko wangu wa sabuni niliuacha mlangoni. Hakupiga kelele. Akasema, "Bishar, hukuwa unanisaidia mimi. Ulitaka siku ipite, na vyombo vyangu ndivyo vilivyokuwa karibu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Yalikuwa kweli.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe jioni ile akapanda lori kwenda kwa Ubah, na mimi nyuma yake. Nikamuuliza kwa nini asitume salamu tu kwa dereva. Akanijibu, "Jina lake limetajwa vibaya mbele ya watu. Nitakwenda mwenyewe." Mwanamke wa umri wake, mwanangu, juu ya gunia la unga, vumbi hadi kwenye kope!

Tulipofika akamweleza Ubah kila kitu, lawama zote za sokoni, bila kuzipunguza. Kisha akanigeukia ili nimalizie. Nikasema, "Ni mimi niliyeviosha. Kwa sabuni."

Ubah alinitazama, akatazama vyombo, akacheka hadi akashika mbavu. "Kwa sabuni! Ya Rabbi! Na shule yote hiyo!" Lakini alipofuta machozi akamshika Eeddo mkono, akasema, "Umekuja mwenyewe." Akatuazima vyombo vyake hadi vyetu vipone.

Ndipo nikaanza kufundishwa. Unachukua kijiti cha mti unaofaa, si kila mti. Unakichoma hadi kiwe kaa jekundu, unakitia ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, unasugua kuta kwa lile kaa, unapangusa, unanusa. Moshi huo ndio unaoyalinda maziwa njiani kwenye joto letu, na ndio unaoyapa ladha. Yale niliyoyaita uchafu yalikuwa kazi ya Eeddo ya miaka mingi, imejipaka tabaka juu ya tabaka. Wiki nzima alinikataza kushika chombo. "Kaa, tazama," alisema. Ya pili akanipa kijiti nifukize mwenyewe, na wenzangu wa mkahawani walipopita waliniita mke wa mtu. Macho yalinitoka machozi kwa moshi, nikasingizia moshi hata pale ambapo si moshi.

Sitakudanganya kwamba sikuchoka tena. Zilikuwapo siku ndefu. Lakini nilianza kuamka na swali: kile chombo cha mwisho kimeshika moshi au bado?

Sokoni watu walikuwa wakionja. Kila mmoja, kila siku. Eeddo aliwapa kifuniko kwa mkono wa kulia na uso mkunjufu, na mimi nikiwa pembeni nilihesabu kila funda kama deni langu. Siku moja nikamwambia naona haya. Akasema, "Wana haki. Waache waonje."

Wakaonja, na kuonja, na taratibu mmoja mmoja akasahau. Ikafika asubuhi ambayo Mwalimu Mutua alipokea maziwa huku akizungumzia mitihani, akaondoka, kisha akarudi hatua mbili.

"Mama Dahabo, maziwa ya wiki hii ni matamu kuliko hata ya zamani. Umefanya nini?"

Eeddo akanyoosha kidole moja kwa moja kwangu. "Si mimi, Mwalimu. Fyombo yote anafukiza huyu. Bishar. Ni mutoto yangu."

Mwanangu, nilipoharibu alisema kosa ni la nyumba yake. Nilipotengeneza, akanitaja kwa jina sokoni, watu wakisikia. Nikajifanya natafuta kitu chini ya meza, kwa sababu nilikuwa nalia.

Nikaitwa kazini mwezi uliofuata. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, nimekaa bila kazi mara nne zaidi, na kitambulisho sijakitembeza mfukoni tena.

Basi nisikilize. Kukaa bure kunachosha, na usione aibu kuchoka, si dhambi. Lala siku zako mbili tatu, umezifanyia kazi. Kisha usivamie kazi ya mtu ili tu jua litue, maana uharibifu wa mtu asiye na la kufanya ni mkubwa kuliko wa mvivu. Nenda kwa mtu mwenye kazi anayoijua. Mama yako anajua vitu ambavyo hujawahi kumuuliza, anza naye. Kaa, tazama, uliza, ukatazwe, ukae tena. Ukiharibu, sema, "Ni mimi," kabla mwingine hajalaumiwa, wala usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Na siku ukiwa na kazi na nyumba yako, akaja kijana aliyeboeka akakuharibia, mkumbuke Eeddo Dahabo, Mwenyezi Mungu amrehemu: lawama aliibeba yeye, sifa akanipa mimi.

Mungu akufungulie mlango wa riziki ya halali, mwanangu, na kabla haujafunguka akukalishe karibu na mtu mwema. Akupe mikono inayojifunza, na jina ambalo watu watalipokea bila kuonja. Amin. Sasa weka simu chini, mama yako anafua peke yake huko nje. Ila muulize kwanza anavyofua.