Tundu kwenye Sikio la Kulungu

Habari hii nimeificha mwaka mzima, na hata sasa naitoa kwa sababu Nafula amenitishia kwamba nisipoisimulia mwenyewe ataisimulia yeye, na Nafula akisimulia lazima atie chumvi, wakati jinsi ilivyokuwa haihitaji chumvi hata chembe. Kwa hivyo chekeni mpendavyo. Mimi Kioko, mtu mzima mwenye mke na mtoto, niliaibika mbele ya wanaume kumi na wanne waliovaa kanzu nyeupe, nimeshika bisibisi mkono mmoja na sikio la mnyama mkono wa pili.

Mnajua naendesha gari kwa familia moja hapa Doha. Mwenye nyumba sisi wafanyakazi tunamwita Baba, na Baba ni mtu mwema kabisa, ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kushindana na kaka yake mkubwa, Abu Khalid. Abu Khalid kila majira ya baridi huenda jangwani na kipanga wake wa kuwindia, analala hemani wiki nzima, anarudi midomo imebabuka na ndege wawili watatu mkononi, halafu anatamba mpaka joto lirudi. Basi mwaka ule Baba akachoka kusikiliza, akapanda ndege akaenda ng'ambo huko wanakowinda kulungu, akarudi baada ya siku tano akisema amemfuata dume moja mlimani kwa miguu siku tatu. (Huyu ni Baba ambaye hunipigia simu nimsogezee gari kutoka getini hadi mlangoni. Lakini mimi ni nani hata niulize.)

Tangu siku hiyo majlisi ya Alhamisi, ile sebule ya Baba ya kupokea wageni wanaume, ikawa kama bunge. Mimi ndiye nilikuwa nasaidia kumimina kahawa, kwa hivyo nilisikia yote. Abu Khalid anauliza, "Huko ulikowinda kulikuwa na uzio?" Baba anasema hakukuwa na uzio, ni mlima mtupu. Abu Khalid anasema ni vizuri, kwa sababu mnyama aliyezungushiwa uzio anajua saa ya chakula chake, na kumpiga huyo risasi ni sawa na kuchinja mbuzi ukiwa umevaa kofia ya uwindaji. Jirani mmoja mwenye ndevu nyeupe anamjibu kwamba huyo wa ndani ya uzio angalau analishwa, anatibiwa, na akipigwa haponyoki na jeraha akafie kichakani. Mwingine anasema hata jangwa lenyewe lina uzio siku hizi. Walikuwa wanaweza kubishana hivyo mpaka kahawa ipoe mara tatu, na mimi nimesimama pale na birika nikiwaza kwamba kwa upande wa kulungu mwenyewe kesi imeshaisha. Wakati mwingine walinigeukia, eti Mkenya anajua wanyama. Niliwaambia kwetu kuwinda ni marufuku, na mimi nimekulia mjini, Mlolongo, wanyama niliowazoea ni mbuzi wa jirani na paka.

Sasa mimi nilikuwa na shida yangu. Binti yangu Mwende alizaliwa miezi mitano baada ya mimi kusafiri. Nimemwona akijifunza kukaa, kutambaa na kutembea, yote kwenye simu, na sijawahi kumshika hata siku moja. Likizo yangu ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na nawaambia ukweli, nilikuwa nalia kama mtoto nikiwa peke yangu ndani ya gari. Kwa hivyo Baba aliponiambia kichwa cha kulungu wake, kimeshakaushwa cha maonyesho, kinafika kwa mizigo ya ndege, nikichukue, nikiweke chumbani kwangu hadi Alhamisi ili wageni washtukizwe, halafu akaongeza, "Kikifika majlisi salama, naweka sahihi ya likizo yako siku hiyohiyo," mimi nilikibeba kile kichwa kama vile nimebeba mtoto mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Jumatano mchana nilikifungua nikakiona kina vumbi la maranda, nikasema hapana, kitu cha kuniletea likizo hakiwezi kwenda na vumbi, nikachukua kile kitambaa changu cha kioo cha gari, nikakilowesha, nikapangusa. Pua ikang'aa. Pembe zikang'aa. Nikafika sikio la kushoto, nikapangusa mara moja, mara mbili, na kitu kidogo kama kifungo chenye manyoya kikabanduka kikabaki kwenye kitambaa. Nikatazama sikio. Lina tundu, la duara, naona ukuta upande wa pili.

Nilikaa chini. Nikamwita Nafula, yeye ni yaya wa nyumba hiyohiyo, mtu wa Bungoma.

"Kioko, umetoboa mnyama wa watu?"

"Si nimepangusa tu!"

"Mwambie Baba leo. Leo leo."

"Nikimwambia, likizo imeenda. Si unisaidie tu, dada yangu."

Akaenda akarudi na gundi na pakiti ya nywele zake za kusukia, rangi ya kahawia. (Kile kifungo chenyewe, mniamini, katika kuhangaika nilikuwa nimekikanyaga kikawa unga.) Tulikata nywele, tukabandika, tukachana kwa mswaki. Ukisimama mlangoni ungeapa ni sikio zima. Tatizo ni kwamba watu wa majlisi hawakai mlangoni.

Alhamisi baada ya sala ya Alasiri nikakiingiza kichwa, nikakiweka kwenye kigoda chake katikati ya majlisi, Baba akaondoa kitambaa, watu wakasema mashallah. Baba akaanza mlima wake. Siku ya kwanza mvua, siku ya pili ukungu, na mimi namimina kahawa, moyo unaanza kutulia. Abu Khalid akaweka kikombe chini. Aliinuka tu, akakizunguka kichwa taratibu, akashika sikio la kulia, akalisugua. Akashika la kushoto, akalisugua. Alipoondoa mkono, fungu zima la nywele za Nafula lilikuwa limenata kwenye kidole chake, refu, linaning'inia, na mwanga wa dirishani umepita katikati ya sikio ukampiga jirani usoni.

"Kondoo wangu wote shambani wana tundu hili," akasema polepole. "Hapa ndipo kinapokaa kibati cha namba."

Mimi nikaona uso wa Baba ukibadilika, lakini sikuelewa hata kidogo anachoambiwa, nilichoelewa ni kwamba tundu limeonekana na Nafula ana nywele za rangi ileile. Nikaropoka kwa sauti ya kanisani, "Ni mimi! Baba, nisamehe, tundu nimetoboa mimi!"

Baba alinigeukia kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. "Naam! Wallahi, ni dereva! Mmemsikia mwenyewe!"

"Umetoboa na nini?" akauliza Abu Khalid, kwa upole sana.

Ningesema kitambaa. Kitambaa kilikuwa ndio ukweli wangu. Lakini Baba alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, na nyuma ya macho hayo mimi naiona likizo, na ulimi wangu ukasema, "Bisibisi."

"Bahati mbaya?"

"Bahati mbaya, ndiyo. Iliteleza."

"Tundu la duara hivi?"

"Iliteleza vizuri."

Jirani akakohoa ndani ya kikombe. Abu Khalid akasema, "Yalla, haya basi, sikio la pili hilo hapo. Kalete bisibisi yako utuonyeshe."

Jamani, kwa nini nilikwenda? Nilikwenda mpaka kwenye gari, nikarudi nayo, nikamshika kulungu sikio la kulia, nikaweka ncha, nikasukuma. Ikagoma. (Sikujua yale masikio ndani yana kitu kigumu kama plastiki.) Nikasukuma kwa uzito wote, kigoda kikayumba, sikio likatoka zima na shina lake, kichwa kikaanguka pembe mbele juu ya sinia ya tende, birika likaruka, na kahawa ikamwagika kwenye kanzu ya Abu Khalid kuanzia kifuani. Walicheka mpaka mzee mmoja akaomba aletewe dawa yake ya pumu. Abu Khalid alicheka kuliko wote. Mimi nilisimama na lile sikio, nikatamani ardhi ipasuke.

Baba hakucheka. Alitoka, nami nikamfuata, akaingia garini kiti cha nyuma, akasema, "Endesha." Tukazunguka mtaa wa Al Sadd mara mbili, kila taa nyekundu nahesabu siku nilizobakiza kazini.

"Kwa nini umesema ni wewe?" akauliza mwishowe.

"Kwanza nilidhani kweli ni mimi. Halafu niliitaka likizo, Baba. Sijamshika mtoto wangu bado."

Taa ikawa kijani, nikaondoa gari.

"Nilikuwa nimekaa ndani ya gari," akasema. "Wenye shamba la kulungu wakatuzimia injini. Yule mnyama alitusikia akaja mwenyewe, alidhani tumemletea mahindi. Alikuwa ananitazama." Akageuza uso dirishani. "Sikulala usiku ule. Kaka yangu asisikie hili."

Nikasema pole, naye akaitikia. Jioni ile akaweka sahihi, miezi miwili, na wiki iliyofuata nilikuwa Mlolongo nimemshika Mwende, naye anapiga kelele akimtafuta mama yake amwokoe kutoka kwa huyu mwanaume asiyemjua. Nilimshika hivyohivyo. Tangu siku hizo nikigusa kitu cha mtu kikabanduka hata unywele, nampigia simu mwenyewe kabla kitambaa hakijakauka, na mtu akiniuliza nimefanyaje, namwambia sijui, wala bisibisi siitaji.