Wafalme wa Lagos Walizikwa Wapi

Mwaka 2017 nilikuwa nashona nguo Marshalltown, mjini karibu na Soweto, kwenye chumba tulichopanga watu watatu. Kushoto kwangu alikaa mama wa Lagos, akiuza vitenge na lesi. Kulia alikaa mzee kutoka Benin, akitunga shanga nyekundu za maharusi. Siku ya kwanza nilimuuliza habari za nchi ya Benin, akanikata jicho. Benin yake ni mji, akasema, uko huko huko Nigeria, na zamani ulitawala miji mingi, hata Lagos ya yule mama.

Mama wa Lagos akaacha kukunja kitambaa. Lagos ilikuwa na shamba la pilipili la wazee wake, akasema, kabla mtu wa Benin hajafika pwani. Mzee akacheka. Askari wa mfalme wa Benin, akasema, walipiga kambi pale kisiwani Lagos, na Eko, jina ambalo wenyeji wanauita mji wao hadi leo, ni la kambi hiyo.

"Kodi mlileta kwetu," akamwambia. "Hata mfalme wenu akifa, alibebwa akazikwe kwetu."

Mimi jambo likinishika, cherehani inalala. Nikamuuliza yule mama kama ni kweli. Akabetua midomo, akasema ndivyo baadhi ya wazee walivyosimulia, ingawa si wote. Basi niliwasumbua hadi mchana: alibebwa mwili mzima au mifupa? Kwa mtumbwi au kwa miguu? Na waliobaki walijenga kaburi la nini? Kila mmoja alinijibu kivyake, nami nikazidi kuuliza.

Udadisi wangu ulikuwa na mzizi. Mume wangu alikuwa mpigania uhuru aliyekimbilia kwetu; tulioana Morogoro, akanileta Soweto nchi yao ilipokombolewa. Sasa alikuwa amefariki, na chama chetu cha maziko, wanawake wa mtaa mmoja tunaochangiana, kilitaka kila mmoja aseme wazi atazikwa wapi, maana kusafirisha maiti ni mzigo wa wote. Mimi nilitakiwa kujibu Jumapili ile. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na kaka yangu alishasema kwa simu kwamba mfupa wetu haubaki ugenini. Wakwe nao walishaniwekea nafasi ubavuni mwa mume wangu. Mgeni siku mbili. Mimi jembe nilishapewa zamani. Lakini udongo wa Uluguru nilikuwa nautamani, tena sana.

Kwa hiyo nikauliza lililokuwa linanichoma. Mfalme akishapelekwa Benin, watoto wake waliobaki Lagos walikuwa wanakwenda kumtembelea? Mzee akasema mfalme ni wa aliyempa kiti, ndiyo maana hurudishwa. Nikamwambia sikuuliza habari za kiti, nimeuliza habari za watoto. Akarudi kwenye shanga zake. Nikamgeukia mama wa Lagos, ambaye tangu asubuhi hakukosa neno. Naye akarudi kukunja vitenge vyake.

Jioni nilimsimulia binti yangu tukiosha vyombo. Kiswahili anakisikia, ila hunijibu kwa Kizulu, na mambo ya kale humchosha. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatafuta maneno ya Kiswahili, moja moja.

"Mama, wewe ukilala kule, mimi nikija kukuona, nitapiga hodi kwa nani?"

"Kwa wajomba zako."

"Eish, mama. Mimi siwajui."

Nilitaka kumkemea, maana kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Nikakumbuka kwamba hajawahi kuwaona, na kwamba ni mimi niliyekuwa nasema kila mwaka tutakwenda mwakani.

Jumapili niliwaambia wanawake wa chama: hapa hapa Soweto. Nilipompigia kaka alisema nimewagawia watu mfupa wa mama yetu. Akakata simu. Nililia, kwa sababu hakusema uongo.