Jina Chini ya Viatu vya Papa Akonkwa

Kama una kadi ya harusi iliyochapwa kwa mbao hapa Bukavu, na pembeni imeandikwa Firmin, ujue umedanganywa nusu. Firmin huchora kwa penseli juu ya mbao, nusu saa, huku akinywa chai. Kisha Marcelline wa Nyalukemba huinamia kile kipande cha mpera wiki tatu, akichimbua kwa ncha ya chuma kila panapotakiwa kubaki peupe. Hata sahihi ya Firmin huichonga yeye, herufi kwa herufi, kinyumenyume, mwaka wa kumi na nane sasa. Halafu watu humpongeza Firmin.

Katika maktaba ya misheni Marcelline alikuta kitabu cha picha za magazeti ya Marekani ya karne ya kumi na tisa, zilizochongwa vivyo hivyo. Jina la mchoraji unalisoma ukiwa mlangoni. Mchongaji, akibahatika, yuko pembeni, mdogo kama chawa. Marcelline aliumia sana. Alidhani dharau hiyo ni ya Bukavu peke yake.

Basi alipoletewa mbao ya Firmin yenye picha ya Papa Akonkwa, mwenyekiti wa kwaya, kwa kadi za jubilei ya ndoa yake, alichonga MARCELLINE katika nyasi chini ya viatu vya mzee, bila haya.

Papa Akonkwa alipoletewa chapa ya kwanza, macho yake hayakufika chini. Yaliishia tumboni.

"Maman, hii tumbo iko mingi. Kata kidogo."

"Nikikata haitarudia, papa."

"Kata tu."

Tumbo lililojengwa kwa miaka thelathini ya kula sombe na samaki wa sambaza likaondoka asubuhi moja. Baada ya siku mbili mwenyewe akarudi, amenuna.

"Bibi yangu anasema niko sawa mutu mwenye ametoka mu hôpital. Rudisha tumbo."

"Nilishaifagia, papa. Iko mu poubelle, na takataka."

Mtu aliyenyimwa tumbo lazima apewe kitu. Akashusha kidole. "Na hii jina? Toa. Foto ni ya Firmin."

Marcelline alikasirika. Akachukua ncha yake, akaiweka juu ya herufi ya kwanza.

"Nitatoa. Lakini viatu vyako vinakanyaga hiyo jina. Nikitoa, utabakia mu hewa. Batu batasema ulishaenda mbinguni mbele ya jubilei."

Papa Akonkwa akatazama ile ncha, kisha akatazama mahali tumbo lilipokuwa.

"Na haitarudia?"

"Haitarudia."

"Basi iache."

Siku ya jubilei, Firmin akiwa anapokea pongezi zake za kawaida, mgeni mmoja aliinua kadi akauliza huyu Marcelline ni nani. Firmin akakohoa. Akajibu Papa Akonkwa, kwa sauti ya mwenyekiti wa kwaya, akinyoosha mkono kuelekea meza ya nyuma:

"Ni ule maman kule. Ni ye alichonga yote. Na tumbo yangu, ni ye aliitupa mu poubelle."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Marcelline alifurahi hata akasahau kutafuna.