Zamu ya Maji ya Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini Ibra, mji wa Kiarabu kusini ya Maskati, miaka ya sabini, mudiri wa ofisi ya kilimo hakunionesha hata meza. Alinipeleka kwenye falaji, mfereji wa maji ya chemchemi wanaogawana wenye mashamba, tukasimama juani. Yeye alikuwa Mwarabu aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake cha bara.

"Nyinyi watu wa Zanzibar mnapanda kwa mvua," akaniambia. "Hapa mtu anapanda kwa zamu yake ya maji. Ukisahau hilo, rudi Maskati ukauze dukani."

Sikupenda alivyosema, lakini nikashika. Zamu hupimwa kwa athari, yaani nusu saa ya maji kuingia shambani kwako. Ikipita imepita, mpaka mzunguko urudi, wiki na zaidi.

Nilikuwa bwana shamba. Nikiwafundisha watu kutengeneza vitalu, kupandikiza miche na kutia samadi. Tabu yetu ilikuwa mwisho wa baridi: asubuhi unavaa sweta, mchana jua linakuchoma, na jioni pengine mvua ya mawe. Mudiri hakuiamini kabisa hewa ya mwezi wa pili, na mimi nikaja nikawa vivyo hivyo.

Bi Zuwena alikuwa mjane kutoka Wete, kwetu Zanzibar, na mabinti wawili wa kulisha. Wakili wa falaji, msimamizi wa zamu, alimpa athari moja kwa majaribio. Bustani ikishika, maji yake. Ikikauka, anapewa mwengine. Akaotesha nyanya na bamia, miche ikapendeza.

Basi ikanyesha alasiri moja. Kesho yake nikamkuta keshapandikiza miche yote, hata ile midogo, anaimba.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Zamu yako jioni, usiiache."

"Marahaba. Nifungulie maji kwenye tope? Masika haya, baba."

Nikachimba kwa kidole. Juu tope, chini vumbi. Nikamuonesha.

"Huku hakuna masika, Bi Zuwena."

"Mvua ni mvua, bwana shamba."

Hakufungua. Maji yakapita kwa jirani yake, mzee Nasor. Haukupita muda ukaja upepo wa jangwani, mkavu, wa moto, miche ikalala chini. Tukaifunika kwa makuti ya mtende, lakini kivuli si maji. Nilimuonea huruma, na hasira nilikuwa nazo pia.

Hakulia. Alijifunga kanga akaenda kwa mzee Nasor, na Kiarabu chake cha kuungaunga.

"Maji yangu yalikuja kwako, ami. Siku ile sikuyataka. Leo nayataka."

Mzee akamtazama. "Zamu yangu kesho. Chukua nusu. Ukiiacha yako tena, usinijie."

Nyanya nyingi zilikufa. Bamia zikasimama, na wakili alipokuja kukagua akamwachia maji yake.

Mimi nikahamishiwa Nizwa, kisha Sur, kila pahala na mudiri wake na ukali wake. Siku hizi vijana wana mipira ya kumwagilia kwa matone na wanadhani kilimo ni kufungua koki. Sibishani nao.

Mwaka niliostaafu nilipita Ibra, mwezi wa pili, mvua inamwagika. Nikamuona Bi Zuwena bustanini, mwavuli mkono huu, jembe mkono huu, anahangaika kuufungua mfereji.

"Na mvua yote hii, Bi Zuwena?"

"Zamu yangu," akasema, akanipa mwavuli. "Nishikie."

Nikamshikia mpaka nusu saa yake ikaisha.