Maziwa ya Mwisho

Mjukuu wangu wa kwanza, huyu anayenivurugia vitambaa sasa hivi, alikuja na haraka zake. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba tu uchungu ulipomshika. Gari la wagonjwa likatutoa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hadi hospitali moja ya Lilongwe, nami nikaacha sketi tatu za wanakwaya kwenye cherehani bila pindo. Wanakwaya walinisamehe baadaye, ingawa si wote. Mtoto alizaliwa msichana, mzima, na mdogo mno. Kofia niliyokuwa nimemshonea ilimfunika mpaka kidevuni.

Katika hospitali za huku, mgonjwa huja na ndugu wa kumpikia, kumfulia na kutumwa huku na kule. Ndugu huyo nilikuwa mimi. Nilipika nsima pamoja na akina mama wa Kimalawi walionifundisha kuisonga, kana kwamba sisi wa Bukavu hatujawahi kuona ugali. Niliwaacha wafundishe. Mdomo ninao, lakini sufuria ilikuwa yao.

Muuguzi alikuwa dada mchangamfu. Alitueleza, kwa Kichewa cha polepole, kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anahitaji kukua haraka kuliko maziwa ya kawaida yanavyoweza kumkuza. Kuna mahali wanachanganya maziwa ya mama na unga maalumu wa kuyaongezea nguvu. Unga huo pale hawakuwa nao, ila mama mwenyewe ana njia. Akikamua, maziwa ya kwanza huwa mepesi, na ya mwisho ndiyo yenye mafuta. Basi ya kwanza yawekwe kando, kwenye kikombe chenye kifuniko cha bluu. Ya mwisho yaingie kwenye kikombe chenye kifuniko cheupe, na hayo ndiyo mtoto apewe kwa ule mpira mwembamba wa puani.

"Zikomo," nikamshukuru, nikiitikia kwa kichwa.

Maneno niliyaelewa vizuri sana. Jambo lenyewe ndilo sikulikubali. Nyumbani kwetu mgeni hupakuliwa kwanza, chakula kingali kinatoa mvuke. Cha mwisho, kile cha chini ya sufuria, wanakula wapishi, nami nimekila sana. Mjukuu wangu alikuwa mgeni mkubwa kuliko wote niliowahi kuwapokea, halafu eti alishwe mabaki? Kwa sababu ni mtoto wa wakimbizi? Damu ilinichemka. Sikumuuliza mtu. Kazi ya kumpelekea muuguzi vikombe ilikuwa yangu, na kwenye kona ya korido nikabadilisha vifuniko: cheupe juu ya maziwa ya kwanza, cha bluu juu ya ya mwisho. Nikaenda zangu kifua mbele.

Nilifanya hivyo siku nne. Kila asubuhi mtoto aliwekwa kwenye mizani, na mizani ikakataa kusogea. Asubuhi ya tano binti yangu alikuwa akikamua huku ameinamisha kichwa.

"Mama," akaniambia, "maziwa yangu haina nguvu. Batoto ba benzangu banaongezeka, wa kwangu hapana. Nilishindwa kumubeba mupaka mwisho, na sasa nashindwa kumulisha."

Nikachukua vikombe, nikaenda kwa muuguzi. Nilimkuta amevitoa kwenye friji vile vya jana, anavitazama kwa mshangao. Maziwa yalikuwa yametulia. Kile cha bluu kilikuwa na tabaka nene la krimu juu, rangi ya siagi. Katika mabaki ya kile cheupe, krimu ilikuwa nyembamba kama uzi. Baba yangu alifuga ng'ombe, na krimu naijua tangu utotoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ningeweza kunyamaza, nirudishe vifuniko mahali pake, mtoto aongezeke, na watu waseme ni Mungu. Niliwaza hivyo, sitaficha. Lakini binti yangu angebaki na lile neno moyoni mwake, labda maisha yake yote. Nikamwomba muuguzi anifuate, nikakibeba kile kikombe cha bluu mpaka kitandani, nikasema mbele yao wote wawili.

"Mi njo nilibadirisha bifuniko. Siku zote hizi mutoto anakunywa ile ya kwanza. Unitukane tu, mutoto wangu."

"Agogo!" muuguzi akapiga kelele, yaani bibi, nilipomfafanulia kwa Kichewa, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anatazama ile krimu.

"Hii iko ya nani?"

"Iko ya kwako yote."

"Na haina shida?"

"Shida iko kwa mama yako."

Nilingoja matusi, na nilistahili. Vikombe vya asubuhi ile vilikwenda na vifuniko vyake sahihi, na baada ya siku mbili mizani ilikubali kupanda. Lakini wakati ule, pale kitandani, hakuna aliyejua hayo bado. Binti yangu alininyang'anya kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akateremka kitandani, akavaa ndala, akakipeleka kwa mama wa kitanda cha jirani ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili.

"Ona," akamwambia. "Iko yangu."