Nusu ya Mukate ya Mujerumani

Hii habari inanifanya nionekane mujinga, lakini bon, miye napenda batu bacheke.

Tunaikala Ganshoren, ku inchi ya Babeleji, miye na papa. Étage ya chini yetu kuko Mujerumani moya na mutoto wake wa myaka six. Mama ya mutoto ni Mubeleji, nyumba yote inasema Français, ila baba na mutoto. Bo ni Kijerumani tu: ku ngazi, ku poubelle ya takataka, hata wakati baba anamugombeza. Wivu ikanikamata. Papa yangu anasemaka Mashi, luga ya kwabo, na bandugu yake ku téléphone, anacheka mupaka machozi. Akikata, ananigeukia: "Ulishatosha poubelle inje?" Kwa Swahili.

Siku moya nikamuuliza: "Papa, ule wa chini anapatia mutoto wake luga ya kwabo. Weye ulinipatia nini?"

"Nilikupatia kichwa. Haujaitumia bado."

Kila mwaka, ku sikukuu ya Saint-Martin, bale babili banatengeneza taa ya karatasi, mangaribi banatembea nayo ku barabara. Baba anaimba, mutoto anaitika. Miye naangalia ku dirisha, roho inaniuma. Mwaka jana nikashindwa kuvumilia. Nikashuka mbio na taa yangu: mukebe ya maziwa yenye nilitoboa na musumari, mushumaa ndani. Koti nikasahau, na baridi ilikuwa kali. Nikabafuata nyuma, naimba Kijerumani yenye nilijitungia. Muntu muzima, na ndevu yangu yote.

Baba akacheka tu, hakunifukuza. Mwisho wa barabara akatosha ku mufuko mukate ya sukari yenye sura ya muntu, akapatia mutoto. Mutoto akaniangalia, akaikata katikati, akanipatia nusu. Tena ile ya kichwa. Nikavimba. Nikawaza: alors, sasa niko wa kwabo.

Nikauliza baba juu ya nini mutoto amenigawia. Akajikuna shingo.

"Saint Martin alikata koti yake, akapatia nusu masikini mwenye alikuwa anatetemeka na baridi. Donc kila mwaka mutoto anatafuta masikini wa kugawia mukate. Leo amekuona weye."

Nikapanda ngazi, nikamuelezea papa yote. Akacheka mupaka machozi, sawa vile anacheka na bandugu yake. Kisha akasema kitu kwa Mashi.

"Maana yake nini?"

"Maana yake, mutoto wangu ni mujinga. Ikala hapa. Sema nyuma yangu, neno kwa neno."