Wimbo Uliendelea, Ukuta Ukasogea

Hebu mwone Khadra, fundi wa kompyuta, akiingia: buibui limeshika vumbi la Chechelesi, begi la kompyuta amelikumbatia kama mtoto, na hata kuketi hajaketi anauliza, "Salaam aleikum. Mashine iko wapi, na nani ameigusa?"

Kituo chetu cha redio ni chumba kimoja tu. Hapa ndipo hutangazwa ngamia waliopotea, na hapa ndipo zimehifadhiwa nyimbo za visimani, zile wanyweshaji mifugo huimba wakipokezana ndoo. Asubuhi hiyo kompyuta ilikataa kurekodi. Imejaa, ilisema. Dima, msimamizi wetu, akaamua nyimbo za zamani zifutwe kabla ya matangazo ya mchana.

Mzee Umuro, aliyetoka Korbesa, alikuwa amesimama mlangoni. Anayeongoza nyimbo hizo ni Waqo, marehemu kaka yake. Sauti ya Waqo haikubaki popote pengine.

"Futa vile vipindi vyako vya kutabiri mvua," mzee akamwambia Dima. "Si hainyeshi?"

"Mzee wangu, na matangazo niyaweke wapi? Mfukoni?"

Khadra aliwaacha wabishane, akaandika amri moja fupi. Kompyuta ile hutumia Linux, na diski yake imegawanywa vyumba; mafundi huviita patisheni. Chumba cha sauti kilijaa hadi mlangoni. Kando yake kulikuwa na kingine kikubwa zaidi, kitupu kabisa, kimeandikwa "kalo".

"Dima, hiki ni nini?"

"Ah, hicho hakiguswi. Galgalo, yule fundi wa kwanza, ndiye aliyetuwekea mashine, na alisema hiyo ni kalo."

Kalo, kwa Waborana, ni malisho yanayotengewa ndama, yasiyoingiliwa mpaka kiangazi kikali kifike. Galgalo alitutengea nafasi kwa siku ngumu, kisha akahamia Oldonyiro. Nasi tukaiheshimu miaka yote hiyo, asipatikane hata mmoja wa kuuliza kama kiangazi kimefika.

Khadra angeweza kuichukua tu, nywila alikuwa nayo. Lakini malisho yaliyofungwa huombwa kwa aliyeyafunga. Akapiga simu.

"Yaani mmekaa na njaa mkitazama majani?" Galgalo alicheka hadi tukamsikia sote. "Fungua, dada. Ila usimalize. Wabakishie ndama."

Dima akanyoosha mkono azime mitambo.

"Ya nini?" Khadra akamzuia. "Cheza wimbo."

Dima akacheza wimbo wa Waqo. Khadra akakitoa kile chumba kitupu kwenye matumizi, akakikagua, akakipunguza, nafasi iliyopatikana akaipa chumba cha sauti, kisha akakiamuru kijitanue. Jamani! Ukuta unasogezwa na wenyewe wamo ndani, wanaimba! Wimbo haukukwama hata kidogo. Waqo aliita, na pale wenzake wa kisimani hujibu, Mzee Umuro akajibu pamoja nao, macho ameyafumba, mikono ikipokea na kupitisha ndoo ambayo sisi hatukuiona.

"Tayari," Khadra akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nafasi tele, na hakuna wimbo uliopotea. Dima akajaribu kurekodi, kompyuta ikakubali. Nami nilikwama kati ya skrini ile na mikono ya mzee, nisijue lipi ndilo la kustaajabia zaidi. Ungekuwa pale, wewe ungetazama wapi?